Je, Mwili Unaweza Kujisaliti?

Kiswahili kina silabi moja ndogo yenye mzigo mzito: ji. Ukiipachika ndani ya kitenzi, mtenda na mtendwa wanakuwa mtu mmoja. Kujipenda. Kujidanganya. Kujinyonga. Huhitaji tena kueleza nani alimfanyia nani, silabi imeshamaliza kesi. Ndiyo maana kuna sentensi moja ambayo madaktari huitumia kila siku, tena kwa nia njema, na mimi imenikaa kooni kwa miaka miwili sasa: "Mwili wako unajishambulia."

Sentensi hiyo huambiwa watu wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS tu. Binamu yangu aliambiwa akiwa na miaka 27. Nitamwita Zawadi kwa kuwa hilo si jina lake. Ilianza na jicho la kulia kuona ukungu, kama mtu anayetazama barabara kupitia dirisha la matatu siku ya mvua. Likapona lenyewe, tukasahau. Miezi kadhaa baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, halafu ukaja uchovu usiosikia usingizi wala chai ya tangawizi. Kabla ya kupigwa picha ya MRI alikuwa ameshatibiwa amiba, presha, msongo wa mawazo, na wikendi moja akaombewa laana ya ukoo. Daktari wa neva alipomaliza kueleza, Zawadi aliuliza swali ambalo halikuwa la kitabibu hata kidogo: "Kwani mimi nimejifanyia nini?"

Watu wa kumpa moyo walikuwa wengi, na sikutaka kuwa mmoja zaidi. Nilitaka kulichukua swali lake kama swali. Kuna maana yoyote ya kusema kwamba mwili umemsaliti mwenyewe? Kuna kosa hapa? Na kama kuna kosa, ni la nani?

Tuanze na kile kinachoshambuliwa. Neva ni kama waya, na mayelini ni mafuta na protini zilizouzunguka waya huo, safu juu ya safu, ili ujumbe usafiri haraka bila kupotea njiani. Katika MS, mayelini hiyo huvuliwa mabaka mabaka kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye neva za macho. Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa mpangilio, mwaka 1868. Katika ubongo wa wagonjwa waliofariki alikuta mabaka magumu kama makovu, na jina la ugonjwa likatokana na ugumu huo. Lakini alipofika kwenye sababu, Charcot naye alipapasa gizani. Katika mihadhara yake alitaja baridi na unyevu, akataja pia huzuni ya muda mrefu, maudhi, hata mimba ya nje ya ndoa. Kwa maneno mengine, bingwa wa neva wa karne ya 19 hakuwa mbali sana na mama mmoja wa kanisani aliyemnong'oneza Zawadi, "Kuna kitu umebeba moyoni, mwanangu. Kiachilie."

Basi hii tabia ya kumtafutia mgonjwa kosa si ya vijijini, wala si ya watu wasiosoma. Ni ya kibinadamu. Maumivu yasiyo na mwenyewe yanatutisha kuliko maumivu yenye mkosaji, hata kama mkosaji ndiye huyohuyo anayeumia.

Lile wazo kwamba mwili unaweza kujigeukia lenyewe lilichelewa kukubalika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich wa Ujerumani na mwenzake waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi wale walitengeneza kingamwili za kuvunja damu ya wenzao, ila hawakutengeneza za kuvunja damu yao wenyewe. Ehrlich akahitimisha kwamba mwili una hofu ya kujidhuru, akaipa hofu hiyo jina la Kilatini, horror autotoxicus. Kwa muda mrefu wengi walilielewa hilo kama sheria: mwili haujili.

Lakini tayari kulikuwa na dalili za kinyume. Chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo Louis Pasteur aliianzisha mwaka 1885 ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Iliokoa maisha mengi, ila wachache waliochanjwa walipooza, na hawakuwa na kichaa cha mbwa. Mwaka 1933, Thomas Rivers na wenzake katika Taasisi ya Rockefeller, New York, waliwadunga tumbili ubongo wa sungura wenye afya, tena na tena. Baadhi ya tumbili walipata uvimbe kwenye ubongo na mayelini yao ikavuliwa. Hapakuwa na kijidudu cha kulaumiwa. Kinga ilikuwa imefundishwa kuuona ubongo kama kitu cha kupigwa vita, na ubongo wa sungura na wa tumbili hautofautiani sana.

Kisha wakaja Macfarlane Burnet wa Australia na Peter Medawar wa Uingereza, walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kazi kuhusu uvumilivu wa kinga, yaani jinsi mwili unavyopata uwezo wa kutowashambulia walio wake. Burnet ndiye aliyeizoesha dunia ya sayansi kuzungumza juu ya "nafsi" na "kisicho nafsi". Ona safari ya neno hilo. Lilitoka kwenye falsafa na dini likaingia maabara, likavaa koti jeupe, halafu likatoka huko na kwenda kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa kama hukumu: nafsi yako imejikataa.

Shida ni kwamba ukiangalia kwa karibu, nafsi hiyo haitulii mahali pamoja.

Kati ya protini za mayelini kuna moja iitwayo MBP. Kazi yake ni kama ya gundi. Ina chaji chanya, mafuta yanayoizunguka yana chaji hasi, kwa hiyo inazishika safu za mayelini zikae pamoja. Chaji hiyo chanya inatokana kwa sehemu na asidi amino iitwayo arginini. Sasa, mwili una kimeng'enya kinachoweza kuigeuza arginini ikiwa tayari iko ndani ya protini, ikawa sitrulini, ambayo haina chaji. Ni badiliko dogo mno, atomu chache tu. Lakini gundi inalegea, safu zinaachana, na umbo la protini linabadilika kiasi cha kuonekana kama kitu kingine.

Mwaka 1994, Mario Moscarello na wenzake wa Toronto, Canada, walichapisha vipimo vyao. Kwa watu wazima wasio na ugonjwa, takriban asilimia 18 ya MBP ilikuwa imegeuzwa namna hiyo. Kwa wenye MS ya muda mrefu ilikuwa kama asilimia 45. Na hili ndilo lililonifanya niweke simu chini nikakaa kimya: MBP yenye sitrulini nyingi haipatikani kwa wagonjwa pekee. Watoto wachanga nao wanayo kwa wingi, kisha hupungua kadiri ubongo unavyokomaa. Ndiyo maana watafiti wale waliiita mayelini ya mgonjwa wa MS mayelini ambayo haijapevuka.

Fikiria soja wa geti kwenye ploti moja kule Roysambu. Anawajua wapangaji kwa sura, hana haja ya kuuliza jina. Mpangaji wa nyumba namba 7 ana rasta hadi mgongoni. Siku moja jamaa anapata ajali ya bodaboda, analazwa wiki tatu, ananyolewa kichwa, anarudi usiku kwa magongo, amekonda, sauti imebadilika. Soja anamulika tochi, haoni mtu anayemjua, anapiga filimbi. Majirani wanatoka na rungu. Asubuhi inagundulika aliyepigwa ni mpangaji aliyelipa kodi miaka sita.

Nani amekosea? Soja amefanya alichoandikwa kazi kufanya, na usiku uliopita hiyohiyo filimbi ilifukuza wezi wa kweli. Mpangaji hakuchagua kubadilika. Na hata huko kubadilika kwake hakukumfanya mgeni. Ile mayelini iliyolegea ni kama mtu aliyerudi kwenye sura ya picha zake za utotoni. Ni wa nyumbani kuliko yeyote, ila hakuna aliye zamu anayeikumbuka sura hiyo.

Usiniache niende mbali sana na mfano huu, maana wanasayansi wenyewe hawajakubaliana nani alianza. Wapo wanaosema kinga ndiyo huanza, ikatoka kwenye damu ikaingia ubongoni na kuvuruga. Wapo wanaosema uharibifu huanza ndani: mayelini inalegea kwanza, vipande vyake vilivyobadilika vinamwagika, na kinga inakuja baadaye ikikuta vitu isivyovitambua. Kwa mtazamo wa kwanza soja ndiye mwanzo wa balaa. Kwa mtazamo wa pili soja amefika kwenye nyumba inayobomoka tayari. Ugonjwa uleule, ushahidi uleule, na hadithi mbili za lawama zinazopingana kabisa. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwe wapole na neno "kujisaliti".

Halafu kuna mgeni wa kweli kwenye hadithi hii, na safari yake ilianzia hapa jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe mkubwa kwenye mataya, akaandika kuuhusu mwaka 1958. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na kwenye viti alikuwepo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vipya walivyoviona kwa darubini ya elektroni. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Uwezekano ni mkubwa kwamba mimi ninavyo, na wewe unayesoma pia.

Mwaka 2022, watafiti wa Harvard walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za zaidi ya wanajeshi vijana milioni 10 wa Marekani. Waliopata maambukizi ya Epstein-Barr waliongezeka hatari ya kupata MS mara 32. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha njia moja inayowezekana. Kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja walipata kingamwili inayoshika kipande cha protini ya virusi iitwayo EBNA1, na kingamwili hiyohiyo inashika pia GlialCAM, protini ya seli zinazoutunza ubongo. Vipande hivyo viwili vinafanana. Na GlialCAM ilipokuwa imebadilishwa kwa kuongezewa fosfati, mshiko ukawa na nguvu zaidi. Tena badiliko. Tena kitu cha nyumbani kilichovaa koti tofauti kidogo.

Nilimtumia Zawadi habari hizi nikidhani zitamfariji: ona, kuna mgeni, si wewe. Virusi hivi huenezwa kwa mate. Alisoma, akanipigia. "Kwa hiyo sasa nianze kuhesabu niliowabusu?"

Alikuwa anacheka, lakini si sana. Na ana hoja. Hapa kwetu watoto wengi hupata virusi hivi wakiwa wadogo, bila hata kujua. Anayevipata akiwa kijana ndiye anayeweza kuugua homa ya tezi, na homa hiyo huongeza hatari ya MS baadaye. Ukimpa mtu taarifa hiyo bila uangalifu, sayansi inageuka kuwa yule mama wa kanisani mwenye darubini. Tulianza na "umebeba nini moyoni", tumefika "ulimbusu nani". Sababu mpya, kiti kilekile cha mshtakiwa.

Kwa hiyo tuiangalie kesi yenyewe, na tuanze na mshukiwa namba moja, kingamwili. Tangu miaka ya 1940 imejulikana kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa MS yana kingamwili nyingi kuliko kawaida. Leo madaktari huzipima, zikijitokeza kama mistari kwenye kipimo, na wagonjwa wengi sana wanayo mistari hiyo. Zimekutwa eneo la tukio. Je, ndizo zilizoua?

Jibu si rahisi. Baadhi ya kingamwili hizo, zilipofuatiliwa, zilionekana kushika protini za kawaida zilizomo ndani ya seli yoyote, vitu ambavyo huonekana nje seli ikishapasuka. Hizo hazifanani na muuaji. Zinafanana na wanaofika baada ya ajali kuokota vioo barabarani. Katika maabara zimepatikana kingamwili ambazo kwenye panya zinasaidia mayelini kujengeka upya. Na kuna ushahidi mwingine. Dawa kama ocrelizumab na rituximab huondoa seli B, zile ambazo kizazi chake hutengeneza kingamwili. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya miezi michache tu, ingawa viwanda vyenyewe vya kingamwili, yaani seli za plazma, haviguswi na dawa hizo na kingamwili kwenye damu hubaki nyingi. Kumbe seli B zilikuwa na kazi nyingine mbaya, kama kuzichochea seli T, na kingamwili zilikuwa zinabebeshwa mzigo wote. Kwenye ugonjwa wa baridi yabisi, kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini zinapimwa hospitalini na zinamsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Kwenye MS hakuna kipimo cha namna hiyo kilichokubalika. Alama ileile, nyumba mbili, maana mbili.

Wakenya hatuhitaji kufundishwa hatari ya kumkamata kila aliyekutwa eneo la tukio.

Kuna jambo lingine linalonishangaza zaidi ya yote, nalo linahusu nakala. Katika Taasisi ya Weizmann, Israel, watafiti walitengeneza protini bandia iliyofanana kidogo na MBP. Nia yao ilikuwa kuwapa wanyama ugonjwa unaofanana na MS ili wauchunguze. Ugonjwa haukutokea. Badala yake wanyama walikingwa. Nakala hiyo ikawa dawa, glatiramer, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa ilikuwa hivyo karibu neno kwa neno. Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine, ambapo wagonjwa walipewa kipande cha MBP kilichobadilishwa kwa makusudi ili kuituliza kinga. Baadhi yao walizidiwa, kinga yao ikaamka dhidi ya mayelini, na jaribio likasimamishwa. Aliyetaka kuumiza aliponya, aliyetaka kuponya aliumiza. Na vyote viwili vilikuwa kitendo kimoja: kuionyesha kinga sura ya nyumbani iliyobadilika kidogo.

Nikiyaweka haya yote mezani, naona neno "usaliti" linakosa pa kusimama. Ili usaliti uwepo, lazima kuwe na ahadi, lazima msaliti aijue ahadi hiyo, na lazima awe angeweza kutenda vingine. Seli haijaahidi chochote. Inashika kinachofanana na ilichofundishwa kushika. Hata neno "kosa" linayumba. Kosa kwa kipimo cha nani? Seli iliyoikamata GlialCAM imefanya kwa usahihi kabisa kile ambacho kingekuwa ushujaa kama mbele yake kungekuwa na virusi. Inawezekana kila hatua iwe sahihi na mwisho uwe maafa. Hili ni gumu kulimeza, kwa sababu akili zetu zinapenda maafa yawe na kiungo kimoja kilichooza.

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Methali nzuri, lakini hapa inafika nusu ya njia. Chawa wa nguoni ni kiumbe kingine, unaweza kuvua nguo ukaianika juani. Zawadi hana nguo ya kuvua.

Nilipomweleza hoja yangu, hakufurahi. Alisema, "Afadhali ungeniachia msaliti. Msaliti naweza kumchukia. Wewe unaniambia hakuna mtu." Nimelifikiria hilo muda mrefu na bado nadhani ana haki ya kulisema. Lawama humpa mtu umbo la kushika. Ukimnyang'anya mgonjwa lawama na usimpe kitu kingine, umemwacha na shimo, kisha ukajiita mkweli.

Lakini lawama hii ina bei, na anayeilipa ni yeye. Kwa miezi kadhaa alizungumza juu ya miguu yake kama watu waliomwibia. "Hizi vitu," alikuwa anasema, "siziamini." Dawa ilipopendekezwa, aliisikia kama mauaji ya askari wake mwenyewe, akaahirisha mara mbili. Mtu aliyeaminishwa kwamba mwili wake ni adui atautunza vipi? Utamlisha vipi adui, utamlaza mapema vipi, utampeleka kliniki vipi? Hapa ndipo sentensi ya daktari inapoacha kuwa maelezo na kuwa tendo. Inamgawa mtu vipande viwili halafu inamwomba apatanishe vita.

Kuna elimu ya kinga ambayo ingefaa ielezwe badala yake. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi. Huko seli T changa huonyeshwa sampuli za protini za mwili, na zile zinazozishika kwa nguvu mno huondolewa kabla hazijatoka kwenda kazini. Ndivyo uvumilivu unavyoanza. Lakini mtaala wa thaimasi hauwezi kuwa na kila kitu. Protini inayokuja kubadilika baadaye, mbali kule ubongoni, kwa uvimbe au kwa miaka, huenda haikuwahi kuonyeshwa darasani. Seli inayoikuta haijawahi kuambiwa, "Huyu ni wetu, hata akiwa hivi." Nafsi ya kinga, basi, ni orodha iliyoandikwa mapema kuhusu kitu kinachoendelea kubadilika.

Najua unapoelekea na mawazo, kwa sababu nami nilielekea huko. Katika nchi hii, kwa miaka mingi, kijana Mnubi wa Kibra, ambaye ukoo wake umeishi hapo zaidi ya karne moja, alipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Kijana Msomali vilevile. Walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa nyumbani, wakati jirani yao alichukua chake bila maswali. Inavutia kusema taifa nalo lina ugonjwa wa kinga. Lakini ningependa tuishie mlangoni na mfano huo, maana tofauti ndiyo yenye somo. Seli haiwezi kusimama ikajiuliza. Kamati inaweza. Afisa anaweza kufuta orodha akaandika nyingine, ila kingamwili haiwezi. Tukilinganisha serikali na kinga tunaipa serikali udhuru isiostahili, na tukilinganisha kinga na serikali tunampa mgonjwa hatia isiyo yake.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpa Zawadi. Hasira yake ni halali, ila imepelekwa kwa asiyesikia. Ipo mahali pa kwenda. Kuna watu na ofisi wenye masikio, wenye uwezo wa kutenda vingine, na kwa hiyo wenye uwezo wa kukosea kikweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: cladribine, glatiramer na rituximab. Maana yake ni kwamba hakuna tena wa kusema dawa hizi ni anasa za nchi za baridi. Ni kweli ugonjwa huu hupungua kadiri unavyokaribia ikweta. Lakini kupungua si kutokuwepo, na mgonjwa adimu hulipa bei ya uadimu wake: daktari hamtarajii, bima haimjui, famasia haina stoo yake. Miezi ambayo Zawadi alitibiwa amiba, mayelini yake haikungoja. Ukitaka kutafuta lililopaswa kuwa vingine, tafuta huko.

Kwa upande wetu tusio madaktari, nadhani wajibu ni mdogo na mgumu. Tuache kuuliza "umefanya nini". Tuache pia kusema "pigana", maana anayeambiwa apigane na mwili wake ataumia upande wowote utakaoshinda. Tuseme kilicho kweli: sehemu ya mwili wako imeumia, sehemu nyingine imeitikia kwa namna inayoongeza maumivu, na zote mbili ni zako na zote zinahitaji kutunzwa. Ni sentensi ndefu kuliko ile ya daktari. Haitoshi kwenye dakika kumi za kliniki zenye foleni. Lakini mtu anaweza kwenda nayo nyumbani, akala, akalala, na Alhamisi akaenda kuchomwa sindano yake bila kuhisi kwamba anamsaliti yeyote.